Luku inaisha haraka? Jinsi ya kujua hela ya umeme inakwenda wapi

Mwezi uliopita umeme wa Sh 20,000 ulifika tarehe 28. Mwezi huu, tarehe 17 mita imeanza kupiga kelele. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa, hakuna mgeni aliyekuja. Ndipo maneno yanapoanza: mpangaji wa chumba cha mbele anapiga pasi usiku, watoto hawazimi TV, mita imechezewa, TANESCO wamepandisha bei kimyakimya.

Huenda mojawapo ni kweli. Lakini kabla ya kumnyooshea mtu kidole, kuna vitu vichache ambavyo yeyote anaweza kuvikagua mwenyewe kwa simu, kalamu na karatasi. Maelezo haya ni ya wateja wa LUKU wa TANESCO, Tanzania Bara. Zanzibar ina shirika lake, ZECO, na bei zake.

Anza na swali moja

"Umeme umepanda" ni malalamiko mawili tofauti:

- Hela ileile inakupa uniti chache kuliko zamani.
- Uniti ni zilezile, ila zinaisha haraka.

La kwanza ni suala la bei, kodi au deni, na jibu lake liko kwenye risiti. La pili ni suala la matumizi, nyaya au mita, na jibu lake liko nyumbani. Ukiyachanganya utamwita fundi abomoe ukuta wakati tatizo ni makato, au utakwenda kugombana ofisini wakati friji ndiyo mbovu.

Fungua meseji zako za manunuzi ya umeme ya miezi mitatu iliyopita. Andika tarehe, hela uliyolipa na uniti ulizopata. Kama meseji umezifuta, angalia kwenye historia ya malipo ya simu au benki. Karatasi hiyo ya mistari michache itakuonyesha uko upande gani.

Soma risiti yote, siyo namba za tokeni tu

Wengi wakishaingiza zile tarakimu 20 hawaangalii tena meseji. Mistari ya chini ndiyo inayoeleza hela imegawanywaje.

Chukua mteja wa kawaida wa nyumbani aliye kundi la T1. Bei ya msingi iliyowekwa na EWURA kuanzia Aprili 2016 ni Sh 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Ukijumlisha, uniti moja inakufikia kwa Sh 356.24.

Akilipa Sh 10,000 bila makato mengine, mgawanyo unakuwa hivi:

- Umeme wenyewe: Sh 8,196.72
- VAT: Sh 1,475.41
- REA: Sh 245.90
- EWURA: Sh 81.97
- Uniti anazopata: 28.07

Kwa hiyo katika kila Sh 10,000, karibu Sh 1,800 si umeme. Hiyo siyo mpya na haielezi kwa nini mwezi huu ni mbaya kuliko uliopita. Ila inakupa kipimo. Kama uko T1 na Sh 10,000 imekupa karibu uniti 28, bei yako haijabadilika. Ikikupa 24 au 15, kuna kitu kimekatwa, na kitu hicho lazima kionekane kwenye risiti.

Kodi ya majengo: kwa nini manunuzi ya kwanza huwa kidogo

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza na Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapanda hadi Sh 1,500 kwa mwezi, yaani Sh 18,000 kwa mwaka. Nyumba za ghorofa hulipa zaidi.

Makato hufanyika unaponunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi. Kwa mteja wa T1, Sh 10,000 ya kwanza inabaki Sh 8,500, na uniti zinakuwa 23.86 badala ya 28.07. Akinunua tena mwezi huohuo, anapata 28 zake kamili.

Kinachowashtua watu zaidi ni malimbikizo. Usiponunua umeme miezi miwili kwa sababu ulisafiri au nyumba haikuwa na mpangaji, kodi haikusamehi. Inakusubiri. Siku utakaponunua, itakatwa ya miezi miwili pamoja na ya mwezi huo: Sh 4,500. Ile Sh 10,000 inageuka Sh 5,500, na uniti ni kama 15 tu. Mita haijaibiwa wala bei haijapanda.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Kwanza, kodi hii ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayeilipa kupitia LUKU ana haki ya kuizungumza na mwenye nyumba, kwa mfano ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Tunza meseji, ndiyo ushahidi. Pili, kama nyumba moja ina mita zaidi ya moja na zote zinakatwa kodi ya jengo lilelile, peleka namba za mita zote ofisi ya TANESCO ili kumbukumbu zirekebishwe.

D1 au T1: mabadiliko yanayouma kuliko yote

Kuna kundi la wateja wa matumizi madogo, D1. Hawa hulipa bei ya msingi ya Sh 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Pamoja na VAT, REA na EWURA, uniti inawafikia kwa Sh 122. Wakivuka 75, kila uniti ya ziada bei yake ya msingi ni Sh 350, sawa na Sh 427 ukiweka makato.

Angalia tofauti kwa uniti 75:

- D1: Sh 9,150
- T1: Sh 26,718

Karibu mara tatu. Aliyekuwa D1 akihamishiwa T1 kwa sababu matumizi yake yamezidi kiwango, mwezi huo atahisi ameibiwa mchana kweupe. Ukiona Sh 10,000 iliyokuwa inakupa uniti zaidi ya 70 sasa inakupa 28, usitafute mwizi. Umebadilishiwa kundi.

Hata bila kuhamishwa, D1 ina mtego wake. Sh 10,000 ya kwanza, bila kodi, inakupa kama uniti 77: yaani 75 za Sh 122 na mbili za bei ya juu. Ukinunua Sh 10,000 nyingine mwezi huohuo unapata uniti 23 tu, kwa sababu zote ni za Sh 427. Ni pungufu hata ya mteja wa T1. Kwa hiyo mteja wa D1 asinunue umeme wa miezi miwili kwa mkupuo akidhani anajiwekea akiba. Anajiongezea gharama.

Kama matumizi yako ni madogo kweli, chini ya uniti 75 kila mwezi, na uko T1, unaweza kwenda TANESCO kuomba kundi lako liangaliwe upya. Wataangalia historia ya manunuzi yako.

Kama uniti ni zilezile: pima siku saba

Risiti ikiwa sawa, basi umeme unatumika kweli. Kilichobaki ni kujua unatumiwa na nini.

Kila siku kwa saa ileile, tuseme saa moja asubuhi, soma uniti zilizobaki kwenye mita na uandike. Ukinunua umeme katikati, andika na hizo. Jana zilikuwa 41.2, leo 36.9: umetumia 4.3. Baada ya siku saba utaona siku iliyoruka. Jumamosi imekula uniti 8? Kumbuka Jumamosi kulifanyika nini: labda nguo za wiki nzima zilipigwa pasi, au pampu ilijaza tangi.

Halafu pima usiku. Soma mita kabla ya kulala na ukiamka. Kama usiku kinachobaki kinafanya kazi ni friji na taa ya nje, uniti zilizotumika zisifike hata moja. Zikifika mbili au tatu na hakuna aliyelala na kiyoyozi, kuna kinachokula umeme gizani.

Vifaa vya joto ndivyo vinavyomaliza

Hesabu ni moja kwa kila kifaa: chukua wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, zidisha kwa saa unazokitumia, gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti.

Mifano, kwa bei ya T1:

- Taa ya LED ya wati 9, saa sita: uniti 0.05, kama Sh 19.
- Feni ya wati 60, saa nane: uniti 0.48, kama Sh 171.
- Jagi la umeme la wati 1,800, jumla ya dakika 20 kwa siku: uniti 0.6, kama Sh 214.
- Pampu ya maji ya wati 750, saa moja: uniti 0.75, kama Sh 267.
- Bomba la kuogea la maji moto la wati 5,500, dakika 10: uniti 0.92, kama Sh 327.

Hilo la mwisho lisikupite. Watu wanne wakioga dakika 10 kila mmoja mara moja kwa siku, ni uniti 110 kwa mwezi, zaidi ya Sh 39,000 kwa kuoga tu. Ndiyo maana msimu wa baridi wa Juni na Julai, nyumba nyingi za Arusha, Mbeya na Njombe zinaona luku inakimbia. Pwani ni kinyume chake: joto la Desemba hadi Machi ndilo linaloamsha feni, viyoyozi na friji.

Kanuni ya haraka: kinachotoa joto au kupooza ndicho cha kwanza kukikagua. Chaja ya simu inasingiziwa bure. Kumgombeza mtoto kwa taa ya sebuleni huku hita ya maji imewashwa tangu asubuhi ni kuhangaika na sisimizi wakati ng'ombe yuko shambani.

Friji: mshukiwa asiye na kelele

Friji ndogo iliyo nzima hutumia karibu uniti moja kwa siku. Ikianza kuchoka inaweza kutumia mara mbili bila wewe kujua, maana bado inapooza. Dalili zake:

- Inanguruma muda wote, haipumziki.
- Barafu imejaa nene pembeni.
- Mpira wa mlango umelegea. Bana noti kwenye mlango, kisha uivute. Ikitoka bila kubanwa, hewa ya joto inaingia.
- Imesogezwa ukutani kabisa au karibu na jiko, mgongo wake haupati hewa.

Mpira mpya, kuyeyusha barafu na kuisogeza kidogo kutoka ukutani mara nyingi vinatosha. Na mtumba wa bei rahisi nao upigiwe hesabu: friji kuukuu inayokula uniti tatu kwa siku inataka zaidi ya Sh 32,000 kwa mwezi.

Jaribio la taa nyekundu

Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachowakawaka kadiri umeme unavyopita. Pembeni yake huandikwa namba kama 1000 imp/kWh, maana yake ikiwaka mara 1,000 uniti moja imetumika. Mita nyingine huwa na 1600 au 3200.

Kama mita yako inafikika kwa macho, fanya hivi mchana:

1. Chomoa kila kitu: friji, TV, chaja, king'amuzi, ekstensheni. Zima taa zote, hita na pampu. Meni swichi iache imewashwa.
2. Angalia kitaa kwa dakika kumi. Kisipowaka, nyaya zako ziko sawa. Kinachokula ni vifaa.
3. Kikiendelea kuwaka, kuna umeme unakwenda mahali. Zima breka moja baada ya nyingine. Breka itakayokituliza ndiyo njia yenye tatizo.
4. Mwisho zima meni swichi. Kama kitaa bado kinawaka, kuna waya umeungwa kati ya mita na meni swichi, au mita ina hitilafu. Hapo ni kazi ya TANESCO.

Mfano wa ukubwa wa hasara: kwenye mita ya 1000, kitaa kikiwaka mara moja kila sekunde 30 huku kila kitu kimezimwa, ni uniti 2.88 kwa siku. Zaidi ya Sh 1,000 kila siku, karibu Sh 31,000 kwa mwezi, na hakuna aliyewasha kitu.

Umeme unaovuja unaua

Uvujaji hutokea waya wenye moto ukichubuka na kugusa ukuta wenye unyevu, bati au bomba. Mara nyingi huonekana baada ya mvua, au baada ya fundi kugongelea msumari mahali waya ulipopita.

Ukigusa ukuta, bomba la maji, friji au waya wa kuanikia nguo ukasikia mtetemo, usijaribu mara ya pili. Zima meni swichi, waondoe watoto eneo hilo na mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Usimwite jirani "anayejua jua umeme". Suala hapa limeshavuka hela ya luku.

Na usifungue mita, hata kama una uhakika ndiyo mbovu. Kuichezea ni kosa kisheria, na utakuwa umejiharibia ushahidi wako mwenyewe.

Nyumba ya kupanga, mita moja

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Vyumba vinne, kila kimoja kinatumia uniti 30. Kila chumba peke yake ni mtumiaji mdogo. Lakini mita inaona uniti 120, kwa hiyo nyumba inahesabiwa T1 na gharama ni kama Sh 42,750. Wangekuwa na mita nne na kila mmoja yuko D1, wangelipa Sh 14,640 wote kwa pamoja. Mwenye nyumba anayejenga sasa hesabu hii inamhusu, hata baada ya kuweka gharama za kuunganishiwa kila mita.

Mkibaki na mita moja, kuchanga sawasawa ni rahisi ila si haki. Mwenye taa mbili za wati 9 kwa saa sita anatumia uniti 3 kwa mwezi, kama Sh 1,150. Mwenye friji ya uniti moja kwa siku anafika Sh 10,700 kwa friji peke yake. Njia mbili zinapunguza maneno:

- Kaeni pamoja, orodhesheni vifaa vya kila chumba, wati na saa, kisha kila mtu achangie kwa uwiano.
- Wekeni mita ndogo ya ndani kwa kila chumba. Fundi anaifunga, na kila mwisho wa mwezi namba zinasomwa mbele ya wote.

Umeme wa pamoja kama pampu na taa za nje ugawanywe kwa wote, na uandikwe peke yake.

Lini uende TANESCO, na uende na nini

Nenda, au piga simu huduma kwa wateja, kama risiti ina makato usiyoyaelewa, kundi lako limebadilika, kitaa kinawaka meni swichi ikiwa imezimwa, au unaishuku mita.

Kuishuku mita kuna kipimo chake. Chomoa vyote, soma uniti, washa kifaa kimoja cha wati 1,000 kisichojikata chenyewe kwa nusu saa, kisha soma tena. Inatakiwa ipungue kama 0.5. Ikipungua 0.8 au zaidi, una jambo la kwenda kusema. Rudia mara mbili na uandike.

Beba vitu hivi:

- Namba ya mita
- Meseji za manunuzi ya angalau miezi mitatu
- Karatasi ya usomaji wa siku saba
- Matokeo ya jaribio la taa nyekundu

Ukifika na "umeme unaisha haraka" utaambiwa upunguze matumizi. Ukifika na "nilizima vyote tarehe 6 saa nne asubuhi, meni swichi ikiwa chini, na kitaa kiliwaka mara 20 kwa dakika kumi", wana cha kuandika na fundi ana cha kuja kuangalia. Omba namba ya taarifa yako kabla hujaondoka, na uendelee kusoma mita kila asubuhi mpaka watakapokuja.